Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Nusu Karne Kati ya Kijiji na Karakana

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1975 na ambavyo sasa ni 54, vimetimiza nusu karne bila kujipatia jina kubwa mijini, ingawa katika wilaya nyingi ndivyo vilivyokuwa, kwa miaka mingi, chuo pekee cha serikali ambacho mtu mzima aliyeishia darasa la saba, au ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliweza kubisha hodi akapokewa. Chuo cha aina hii ni taasisi yenye mabweni, karakana na shamba, inayofundisha kwa Kiswahili na kutoa mafunzo ya namna tatu: kozi ndefu za ufundi zinazochukua mwaka mmoja au miwili, kozi fupi za siku au wiki chache, na kozi za nje, yaani mafunzo ambayo mkufunzi huyapeleka kijijini kwa watu wasioweza kuacha mashamba na watoto wao wakaenda kulala bwenini. Namna hizo tatu hazikupewa uzito ulio sawa, na mabadiliko ya uzito huo ndiyo yanayoeleza historia ya vyuo hivi vizuri zaidi kuliko orodha ya wizara zilizovisimamia, kwa kuwa nyuma yake limekuwapo swali moja lisilokwisha kujibiwa: je, chuo kimfundishe mwanakijiji ili akiendeleze kijiji chake, au kimpe kijana ufundi na cheti cha kutafutia kazi popote atakapoipata?

Swali hilo halikuwapo wakati fikra ya vyuo ilipozaliwa, kwa sababu fikra yenyewe ilitokana na shida nyingine. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika, na mwaka huohuo Azimio la Arusha lilifuatwa na andiko la Mwalimu Julius Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, lililodai kwamba shule imwandae mtu kuishi na kufanya kazi katika jamii ya wakulima. Hotuba ya mkesha wa mwaka mpya wa 1970 iliutangaza mwaka uliokuwa ukianza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ndani ya miaka michache madarasa ya kisomo, kama yalivyoitwa madarasa ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yakaenea hadi chini ya miembe na kwenye maghala ya ushirika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 1975, iliendesha kampeni kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni 2, ambao baada ya kusikiliza na kujadiliana walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mtihani wa kitaifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 10.

Mafanikio hayo yalileta tatizo lake. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini, katika kijiji kisicho na kitabu wala gazeti, husahau upesi, na wahusika wa elimu walilitambua jambo hilo mapema, wakaanzisha maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, likiwamo la Kanda ya Ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Maktaba na gazeti vilimfaa aliyetaka kusoma. Aliyetaka kujua namna ya kupiga hesabu za duka la kijiji, kujenga ukuta usioanguka au kushona sare za shule alihitaji mahali pa kwenda, mwalimu na zana.

Jibu lilipatikana kwa kutazama kaskazini mwa Ulaya. Mchungaji na mshairi wa Denmark N. F. S. Grundtvig, aliyeishi kati ya mwaka 1783 na 1872, alitetea shule ya bweni kwa vijana na watu wazima wa mashambani, ambamo mazungumzo yangekuwa na uzito kuliko kitabu na mitihani isingekuwapo. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na mwaka 1868 mfumo ukaingia Sweden, ambako baadaye ulihusishwa na vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na makanisa, hata ukahesabiwa kuwa mojawapo ya mihimili ya demokrasia ya nchi hiyo. Nyerere, aliyezuru Skandinavia mara kadhaa, aliona katika shule hizo kitu alichokuwa akikitafuta, yaani elimu ya juu ya mkulima isiyomng'oa kutoka kwenye ukulima wake. Njia ilikuwa imekwisha kusafishwa na mahusiano ya awali, kwa kuwa nchi za Nordiki zilikuwa zimejenga kituo cha elimu cha Kibaha kwa makubaliano ya mwaka 1963, chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, zikakikabidhi kwa serikali mwaka 1970. Naye Barbro Johansson, mmisionari Msweden aliyefika Bukoba mwaka 1946, akachukua uraia wa nchi hii na kuwa mbunge, alikuwa mmoja wa watu waliozikutanisha nchi hizo mbili. Hata hivyo itakuwa ni kosa kuvichukua vyuo vya Tanzania kuwa nakala. Shule za Sweden zilitokana na wananchi wenyewe na vyama vyao, na serikali ikaja baadaye kuzisaidia kwa fedha. Vya Tanzania vilitokana na serikali na chama tawala, na jina la wananchi lilitangulia umiliki wao. Tofauti hiyo ilikuja kuonekana wazi pale serikali ilipoishiwa fedha.

Mpango uliokubaliwa ulikuwa wa kuipa kila wilaya chuo kimoja angalau, na kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Sweden, SIDA, kazi ilianza mwaka 1975 kwa haraka iliyowezekana kwa sababu majengo mengi yalikuwapo tayari. Vituo vya mafunzo vijijini, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa vikiwapokea wakulima kwa mafunzo ya siku chache, viliongezewa mabweni, majiko na karakana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo vilikuwa vimezidi 50, kutoka Newala na Masasi kusini hadi Tarime na Gera kaskazini, na kutoka Kilwa Masoko pwani hadi Kasulu na Kibondo magharibi. Kituo cha wakulima cha Kibaha kilikuwa miongoni mwa vilivyogeuzwa. Mjini Dar es Salaam jina la chuo lilikaa juu ya jengo lenye historia yake, yaani Arnautoglu, kituo cha jamii kilichojengwa Mnazi Mmoja wakati wa ukoloni kwa fedha za tajiri mwenye asili ya Ugiriki, ambamo mwezi Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU mwaka uliofuata; ni vyuo vichache vya ushonaji na upishi vinavyoweza kudai ukumbi wa namna hiyo.

Utaratibu wa miaka ya mwanzo unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo sehemu ya historia hii iliyosahaulika kuliko zote. Mwaka 1975 ulikuwa pia mwaka wa sheria ya vijiji, iliyovipa vijiji vilivyoundwa kwa Operesheni Vijiji mamlaka ya kuwa na serikali zao, na kila kijiji kilihitaji mwenyekiti anayejua kuendesha mkutano, mtunza hazina, muuza duka, mtunza ghala, seremala na mwashi. Halmashauri ya kijiji ilimchagua mtu, ikampeleka chuoni kwa gharama ya serikali, na alipomaliza ilimtarajia arudi kuifanya kazi aliyotumwa kujifunza. Masomo yalikuwa ya siasa na uongozi, hesabu, Kiswahili, kilimo na ufugaji, sayansikimu, ufundi, pamoja na utamaduni, ambao kwa vyuo vingi ulikuwa ngoma, kwaya na michezo ya kuigiza. Mtihani wa mwisho haukuwapo, na aliyemaliza hakupewa cheti cha kumwombea kazi kwa mwajiri, kwa kuwa mwajiri wake alikuwa kijiji kilichomtuma.

Ubora wa mafunzo hayo hauonekani katika taarifa za wizara kama unavyoonekana katika vitu vidogo vilivyofundishwa. Mtunza hesabu wa duka la kijiji, kwa mfano, alijifunza kuchora daftari lenye safu za tarehe, maelezo, mapato, matumizi na baki, kisha akafundishwa kwamba baki iliyoandikwa lazima ilingane na fedha iliyomo sandukuni jioni hiyohiyo, na kwamba sukari aliyokopeshwa mjumbe wa halmashauri ni deni linaloandikwa kama la mtu mwingine yeyote. Somo la hesabu hapo liligeuka kuwa somo la utawala, na gumu kwelikweli, kwa sababu mtunza daftari huyo alirudi kijijini kuwadai watu waliomtuma chuoni. Katika karakana ya uashi mafunzo yalianza na timazi na pimamaji kabla ya mwiko kushikwa, mwanafunzi akijenga kona ya matofali, akaibomoa, akaijenga tena, mpaka uzi wa timazi uteremke sambamba na ukuta bila kuugusa. Na kwa kuwa saruji ilikuwa adimu mno mwanzoni mwa miaka ya 1980, udongo ulitumika kujifunzia, na saruji ikabaki kwa ajili ya nyumba ya mwalimu au zahanati ambayo chuo kiliijenga kama sehemu ya mafunzo. Madawati ya shule nyingi za msingi zilizokuwa jirani na vyuo yalitoka katika karakana za useremala kwa njia hiyohiyo. Wachumi waliovitembelea vyuo walilalamika kwamba mwanafunzi anatumiwa kuzalisha badala ya kujifunza, na lalamiko hilo lilikuwa na ukweli wake mahali ambapo kijana alipanda mahindi ya chuo muhula mzima, lakini kwa dawati na kwa ukuta halikuwa na mashiko, maana fundi hujifunza kwa kazi ambayo mtu ataitumia.

Mpango wa kijiji kumtuma mtu wake ulianza kulegea mapema, na sababu yake kubwa ilitoka nje ya vyuo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani, na watoto walioingia darasa la kwanza kwa wingi huo walianza kumaliza la saba mnamo mwaka 1983 na 1984, wakati nafasi za sekondari zikiwa za kuhesabika. Vijana wa miaka 15 na 16, wasio na shamba wala familia, walivijia vyuo vilivyopangwa kwa ajili ya baba na mama zao. Wazazi waliowaleta hawakuuliza habari za maendeleo ya kijiji. Waliuliza kijana atapata cheti gani. Kenya ilikuwa imekwisha kukutana na tatizo lilelile miaka kumi na saba hivi kabla, pale Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilipotoa mwaka 1966 ripoti iliyouliza waliomaliza shule ya msingi waende wapi, na vyuo vya ufundi vya vijijini vilivyotokana na ripoti hiyo vikajikuta navyo vikisukumwa na wazazi kuelekea mitihani na vyeti. Mahali pote pawili wapangaji walishangazwa na jambo ambalo halikupaswa kuwashangaza, kwa kuwa katika nchi ambayo cheti ndicho kinachofungua milango ya ofisi, elimu isiyo na cheti huonekana na maskini kuwa elimu ya maskini.

Jambo moja ambalo vyuo vililiona mapema kuliko taasisi nyingine nyingi lilihusu wanawake. Mama mwenye mtoto mchanga hakuweza kukaa bwenini miezi, na hata kozi ya wiki mbili ilimshinda kama hakuwa na wa kumwachia watoto, kwa hiyo vyuo vilianzisha madarasa ya chekechea ndani ya uzio, ambamo watoto wa washiriki na wa wakufunzi walilelewa wakati mama zao wako darasani, na baadhi ya vyuo vikafundisha walezi wa watoto wadogo kama fani inayojitegemea. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa macho ya waliolianzisha, ambao walitaka tu madarasa ya ushonaji yasikose watu. Lakini kwa kupima kwa leo ni vigumu kutaja uamuzi mwingine wa miaka ile uliodumu kama huo.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu. Vyuo vilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu hadi wizara mpya ya maendeleo ya jamii, wanawake na watoto, na uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa maofisa maendeleo ya jamii walikuwa wakifanya kazi kijijini kila siku. Kwa upande wa pili uliviondoa vyuo katika bajeti ya elimu wakati ambapo kila wizara ilikuwa ikibanwa na masharti ya kurekebisha uchumi. Uchangiaji wa gharama, yaani utaratibu wa mwananchi kulipia sehemu ya huduma aliyokuwa akiipata bure, ulifika chuoni kwa sura ya ada, godoro na ndoo ambavyo mwanafunzi alitakiwa kuja navyo. Msaada mkubwa wa Sweden ulikoma katikati ya muongo huo, ukabaki undugu kati ya shule za Sweden na vyuo vya Tanzania, ulioendelezwa na vyama viwili vya kirafiki, kimoja kila upande. Cherehani zilizovunjika hazikutengenezwa, magari ya chuo yakakaa juu ya mawe, wakufunzi waliostaafu hawakupata warithi, na wakuu wa vyuo waligeuka kuwa wafanyabiashara kwa lazima, wakikodisha kumbi kwa harusi, kuuza kuku na mayai, na kupokea zabuni za madawati. Wapo waliofanya hivyo kwa ustadi mkubwa, na vyuo vyao vikaendelea kuwa hai. Kozi za nje ndizo zilizoathirika kwanza, maana hazikuingiza ada na zilihitaji mafuta ya pikipiki.

Wakati huohuo ufundi ulikuwa ukipata mwenyewe mpya. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, yenye chanzo chake cha fedha katika tozo ya kuendeleza ujuzi inayokatwa kwa waajiri, pamoja na mitihani inayotambulika nchi nzima. Mwanafunzi wa chuo cha wananchi aliyetaka kuaminiwa na mkandarasi alilazimika kufanya jaribio la ufundi la VETA baada ya kumaliza masomo yake, na katika muongo wa 2010 serikali ilichukua hatua ya kuingiza mitaala ya VETA ndani ya vyuo vyenyewe. Hatua hiyo iliwasaidia vijana wengi. Umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari na ushonaji sasa vilikuwa na ngazi zinazofahamika, na aliyesoma Nandembo au Sikonge aliweza kuonyesha cheti chake Mwanza na kikakubalika. Lakini saa za mafunzo ni zilezile, na kila saa iliyokwenda kwenye mtaala wa mtihani ilitoka kwenye kitu kingine, ambacho mara nyingi kilikuwa somo la uongozi, la utamaduni, au siku ya mkufunzi kwenda kijijini. Waliouhimiza mpango huo hawakupenda kulisema jambo hili wazi, ingawa wakufunzi walilijua tangu muhula wa kwanza.

Mwaka 2016 vyuo vilirudishwa wizara ya elimu, na mwishoni mwa muongo huo vikafanyiwa ukarabati mkubwa kuliko wowote tangu kuanzishwa, wa mabweni, karakana na vifaa, kwa fedha za serikali pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia. Wakati huohuo mradi ulioendeshwa na vyuo kwa kushirikiana na shirika la Karibu Tanzania ulichukua jina la gazeti la zamani, Elimu Haina Mwisho, ukawapokea wasichana na mama vijana waliokatishwa masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito, ukiwapa masomo ya sekondari kwa njia mbadala, ufundi, stadi za ujasiriamali na mahali pa kulelea watoto wao. Umuhimu wake unaeleweka kwa kukumbuka tarehe: ni mpaka Novemba 2021 ambapo serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida, na kabla ya hapo chuo cha wananchi kilikuwa miongoni mwa milango michache sana ya umma iliyokuwa wazi kwake. Chekechea za miaka ya nyuma, ambazo katika vyuo kadhaa zilikuwa zimebaki magofu, zikapakwa rangi upya kwa sababu hiyo. Mradi mwingine wa shirika hilo, Mpira Fursa, uliwaingiza wasichana wa vyuo na wa shule za jirani katika kandanda, na kwa wazee waliokumbuka somo la utamaduni la mwaka 1978 haukuwa mgeni kama ulivyodhaniwa.

Kozi za nje zimerejea nazo, kwa sura tofauti. Mkufunzi wa leo huenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kimekwisha kujiunda chenyewe, na anaombwa somo mahususi: chanjo ya kuku dhidi ya kideri, jiko banifu linalopunguza kuni, sabuni ya maji, usindikaji wa karanga, au namna ya kuandika katiba ya kikundi inayokubalika halmashauri. Kikundi humchangia nauli na chakula cha mchana, na kama somo halikukidhi haja hakimwiti tena, jambo ambalo halikuwezekana wakati mshiriki alipotumwa na halmashauri ya kijiji na mkufunzi kulipwa na wizara. Katika utaratibu huu mwananchi ana sauti zaidi juu ya kinachofundishwa kuliko aliyokuwa nayo mwaka 1975, na kwa kipimo hicho vyuo vimeusogelea mfano wa Sweden kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Bado taarifa zinazokwenda wizarani huanza na idadi ya waliosajiliwa kozi ndefu na waliofaulu mtihani, na fedha za uendeshaji hufuata idadi hizo. Waliofundishwa vijijini huandikwa mwishoni, kama wameandikwa, na pikipiki ya kuwafikia hununuliwa kwa mapato ya shamba la chuo.